Dawa ya Kubandika si Plasta ya Kidonda

Ipo aina ya dawa inayozidi kujulikana katika nyumba zetu, Unguja na Pemba, ambayo umbo lake linaificha nguvu yake. Ni kipande chembamba, chenye gundi upande mmoja, kinachobandikwa juu ya ngozi ya mgonjwa na kuachwa hapo kwa siku moja, siku tatu au hata siku saba. Wataalamu wanakiita kibandiko cha dawa. Wananchi walio wengi wanakiita plasta, basi. Jina hili la pili ndilo linalotutia khofu, na ndilo lililotusukuma tulilete suala hili katika safu hii leo. Mtu akishaiita dawa plasta, ataitumia kama plasta. Ataikata vipande, ataibandika pale panapouma, ataongeza ya pili akiona ya kwanza inachelewa, na akimaliza ataitupa uani wanapopita kuku na watoto.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Makusudio yetu ni mawili. La kwanza ni kuwaeleza wananchi, hasa wale waliobeba dhamana ya kuwatunza wazee na wagonjwa majumbani, namna ya kukibandika na kukibandua kibandiko bila ya kumdhuru mgonjwa wala mwengine aliye nyumbani. La pili ni kuwakumbusha wenye mamlaka ya afya kwamba jambo hili lina upande wao, na kwamba upande huo hauwezi kubebwa na mwananchi peke yake.

HABA NA HABA

Ngozi ya mwanaadamu ni ukuta. Mwenyezi Mungu ameiumba izuie, na dawa nyingi haziwezi kuipenya. Zinazoweza ni chache, na sifa yao kubwa ni kwamba zina nguvu nyingi katika kiasi kidogo mno. Hapa ndipo lilipo fumbo la kibandiko. Udogo wake ni dalili ya ukali wa dawa iliyomo.

Kibandiko cha kwanza cha namna hii kuidhinishwa nchini Marekani kilikuwa cha 1979, chenye dawa ya skopolamini, kinachobandikwa nyuma ya sikio kuzuia kichefuchefu cha safari. Mwaka 1981 vikafuata vya nitrogliserini kwa wagonjwa wa moyo. Mwaka 1990 kikaidhinishwa cha fentanili kwa maumivu makali, na 1991 cha nikotini kwa wanaotaka kuacha sigara. Mwaka 2007 kikapatikana cha rivastigimini, dawa ya wazee wanaopotewa na kumbukumbu. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za kusaidia kuacha sigara, kibandiko cha nikotini kikiwa miongoni mwao, katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na kibandiko cha fentanili kwa maumivu ya saratani mwaka 2017.

Faida zake haziwezi kukanwa. Mgonjwa asiyeweza kumeza, anayetapika, au aliyechoka kuamshwa usiku kwa vidonge, hupata dawa yake kidogo kidogo bila ya usumbufu. Dawa hutoka katika kibandiko, ikajikusanya kwanza katika ngozi na mafuta yaliyo chini yake, kisha ikaingia katika damu. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hicho hicho ndicho chenye hatari, kwani kinachojaa polepole humwagika polepole vile vile. Kibandiko cha fentanili huchukua saa 12 hadi 24, pengine zaidi, kabla ya nguvu yake kuonekana sawasawa. Na kikishabanduliwa, dawa iliyobaki chini ya ngozi huendelea kuingia mwilini. Saa 17 na zaidi huweza kupita kabla ya nusu yake kuondoka katika damu.

Mambo mawili yanafuata kutokana na hayo. Mtunzaji mwenye pupa, akiona saa 5 zimepita na mzee bado analalamika, akaongeza kibandiko cha pili, atakuwa amepanda balaa litakaloota usiku. Na mtunzaji aliyekibandua kibandiko baada ya kuona hatari, akadhani mambo yamekwisha, atakuwa amejidanganya. Mgonjwa huyo anahitaji kuangaliwa kwa siku nzima, na mahali pa kumwangalia ni hospitali.

YALIYOWAFIKA WENGINE

Tusidhani kwamba haya ni maneno ya kutishana. Nchi zenye hospitali kubwa na wauguzi wengi kuliko sisi zimekwisha kupata msiba kwa vibandiko hivi. Mwaka 2012 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kwamba tangu 1997 ilikuwa imepokea taarifa 26 za watoto waliofikiwa na vibandiko vya fentanili kwa bahati mbaya. Kumi kati yao walikufa na 12 walilazwa hospitali. Wengi wao hawakuwa wametimiza hata miaka 3. Mtoto hukiokota kilichotupwa akakitia mdomoni, au hukibandika mwilini akiiga aliyoyaona, au hukigandia kutoka kwa mtu mzima anayempakata. Mwaka 2013 mamlaka hiyo ilitaka maandishi ya juu ya vibandiko hivyo yawe ya rangi inayoonekana wazi, ili kilichobanduka na kuanguka sakafuni kisipotee machoni.

Uingereza nayo, mwaka 2010, ilitoa onyo juu ya vibandiko vya rivastigimini. Kosa lililokuwa likitendeka ni jepesi kulitenda. Mtunzaji anabandika kipya kila siku, lakini hakibandui cha jana. Mzee anajikuta na vibandiko viwili, vitatu au zaidi, akaanza kutapika, mapigo ya moyo yakapungua, akaona visivyokuwepo, na watu wa nyumbani wakasema maradhi yake yamezidi. Mwaka 2014 nchi hiyo hiyo ilirudia kuonya juu ya fentanili na watoto.

Kama haya yametokea kule, ambako kila kibandiko huandikwa katika daftari na kila mtunzaji wa kulipwa hufunzwa kazi, basi itakuwaje kwetu, ambako mtunzaji ni binti wa nyumbani aliyeachishwa kazi zake ili akae na mama yake, na ambako kibandiko huweza kuja ndani ya begi kutoka Muscat, Dubai au London, kimefungwa pamoja na kanzu na sabuni, na maelezo yake yameandikwa kwa lugha asiyoisoma mtu yeyote katika nyumba ile?

NAMNA YA KUBANDIKA

Kwanza, kibandiko ni cha mtu mmoja. Daktari hukiandika kwa kuzingatia umri, uzito, maradhi na dawa nyengine za mgonjwa huyo. Cha fentanili hasa hakipewi mtu ambaye mwili wake haujazoea dawa kali za maumivu. Hata kile kinachohesabiwa kuwa cha nguvu ndogo, cha mikrogramu 25 kwa saa, hulingana na miligramu 60 za mofini ya kunywa kwa siku, au zaidi. Jirani mwenye maumivu ya kiuno akipewa kwa huruma huweza kulala asiamke.

Pili, kabla ya kubandika kipya, kitafutwe na kibanduliwe cha zamani. Kitafutwe kwa macho na kwa mkono, mwili mzima, mgongoni na chini ya nguo, kwani kibandiko huhama kwa jasho na kwa kujigeuza kitandani. Isiaminiwe kumbukumbu ya mgonjwa, wala ya mtunzaji aliyekuwepo jana.

Tatu, mikono ioshwe, na mahali pa kubandika pachaguliwe vizuri. Ngozi iwe nzima, isiyo na jeraha, mkwaruzo, upele wala kovu. Pawe tambarare pasipokunjika wala kusuguliwa na mkanda wa nguo. Kwa vibandiko vya maumivu, kifua, ubavu, mgongo wa juu na sehemu ya juu ya mkono ndipo panapotumika sana. Kwa mzee aliyepotewa na kumbukumbu, na kwa mtoto mgonjwa, mgongo wa juu ni bora, kwa sababu mkono wake hautakifikia kukibandua. Palipobandikwa jana pasirudiwe leo. Kila dawa ina muda wake wa kupapumzisha mahali hapo. Kwa fentanili ni siku kadhaa, kwa rivastigimini ni siku 14, na kwa buprenofini ya siku saba ni wiki 3.

Nne, ngozi isafishwe kwa maji matupu, kisha ikaushwe sawasawa. Hapa pana jambo linalotuhusu sisi watu wa visiwani. Mgonjwa wetu hupakwa mafuta ya nazi, huchuliwa kwa mafuta ya karafuu, husingwa kwa liwa. Haya yote ni mapenzi, na hatuyakatazi. Lakini kibandiko hakishiki juu ya mafuta, na sabuni, manukato na spiriti huweza kuibadilisha njia ya dawa kupita katika ngozi. Mahali patakapobandikwa paachwe pakavu na patupu. Nywele zikiwapo zikatwe kwa mkasi, zisinyolewe kwa wembe, kwani wembe huacha mikwaruzo isiyoonekana.

Tano, kibandiko kisikatwe. Anayekikata nusu akidhani anapunguza dawa huweza kuwa anafungua mlango ili dawa yote imwagike kwa mara moja. Kikionekana kimechanika au kinavuja, kisitumike. Karatasi ya kinga ivuliwe bila ya vidole kugusa upande wa gundi, kibandiko kiwekwe, kisha kikandamizwe kwa kiganja kwa nusu dakika, na pembezoni pakaguliwe kama pameshika.

Sita, iandikwe tarehe, saa na mahali kilipobandikwa. Kibandiko cha saa 72 kilichobandikwa Jumatatu saa 4 za asubuhi hubanduliwa Alkhamis saa 4 za asubuhi, wala si Alkhamis "mtu akipata nafasi". Karatasi hiyo ikae ukutani, karibu na kitanda, ionekane na kila anayeingia zamu. Na kila siku mtunzaji atazame kama kibandiko bado kipo mahali pake. Kisipokuwepo, kitafutwe mpaka kionekane, kwani kilichopotea kwa mgonjwa huenda kimo mwilini mwa mtu mwengine.

NAMNA YA KUBANDUA NA KUTUPA

Watu wengi huona kazi imekwisha pale kibandiko kinapotoka mwilini. Kwa hakika hapo ndipo inapoanza sehemu ambayo misiba mingi huzaliwa. Kibandiko cha fentanili kilichokwisha muda wake kwa mgonjwa huweza kubakiwa na nusu ya dawa yake, pengine zaidi. Kimechakaa kwa jicho, lakini kwa mtoto mdogo bado kina uwezo wa kuua.

Kibanduliwe taratibu, kuanzia pembeni, ngozi ikizuiliwa kwa kidole, kwa maana ngozi ya mzee ni nyepesi na huchunika. Pale pale kikunjwe kati, gundi kwa gundi, kishikane, kisiweze tena kuachia. Kisiwekwe juu ya meza hata kwa dakika moja. Kitiwe katika mkebe wenye kifuniko kinachofunga, uliowekwa juu pasipofikiwa na mtoto, na mikono ioshwe. Mkebe huo urejeshwe hospitali au kituo cha afya. Palipo mbali, na pasipo na utaratibu wa kurejesha, ni afadhali kilichokunjwa kitumbukizwe katika choo cha shimo kuliko kutupwa jaani. Jaa letu lina watoto, lina paka, na siku hizi lina pia wanaotafuta vilevi.

Mtu mwengine akigandiwa na kibandiko kisicho chake, kitolewe mara moja, mahali hapo paoshwe kwa maji mengi bila ya sabuni, na mtu huyo apelekwe hospitali hata kama anaonekana mzima. Kwa mgonjwa mwenyewe, dalili za kuzidiwa na dawa ya maumivu ni usingizi mzito usio wa kawaida, pumzi chache na nyepesi, mboni za macho kuwa ndogo mno, maneno kukokoteka, na midomo kubadilika rangi. Akionekana hivyo, kibandiko kitolewe na gari litafutwe. Kusubiri mpaka asubuhi ni kumsubirisha mauti.

MILA ZETU NA KIBANDIKO

Yapo mambo manne ya mila na dini yetu ambayo vitabu vya nje haviyagusi, nasi tungependa kuyataja.

La kwanza ni joto. Sisi tunamkanda mgonjwa kwa kitambaa cha maji ya moto, tunamfukiza, tunampa chupa ya maji moto alale nayo. Joto huharakisha dawa kutoka katika kibandiko na kuingia mwilini. Homa peke yake hufanya hivyo. Imekisiwa kwamba mgonjwa mwenye joto la nyuzi 40 huweza kuwa na thuluthi moja zaidi ya fentanili katika damu yake. Kwa hiyo mwenye kibandiko asikandwe mahali palipobandikwa wala karibu yake, asifukizwe, asianikwe juani, na akipata homa aangaliwe kwa makini na daktari aarifiwe.

La pili ni kulala pamoja. Bibi analala na mjukuu wake, na hiyo ni katika raha chache zilizobakia katika uzee. Lakini bibi aliyebandikwa fentanili asilale kitanda kimoja na mtoto kwa muda wote atakaokuwa na dawa hiyo. Tunajua uzito wa maneno haya. Uzito wa jeneza la mtoto ni mkubwa zaidi.

La tatu ni ibada. Wapo wanaokibandua kibandiko kila wakati wa sala kwa sababu ya udhu. Hapana haja hiyo. Viungo vya udhu vinajulikana, na kibandiko kikiwekwa kifuani, mgongoni au juu ya kiwiko hakigusani navyo. Kwa mwezi wa Ramadhani, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah cha 1997, iliziweka dawa zinazopenya kwa njia ya ngozi, vikiwemo vibandiko, katika mambo yasiyobatilisha saumu. Mwenye shaka amwendee shekhe wake na daktari wake, lakini asikiondoe kwa rai yake.

La nne ni maiti. Mgonjwa anapofariki, kibandiko hakifi naye. Waoshaji waambiwe kwamba marehemu alikuwa na kibandiko, kitolewe kwa mkono uliovaa glavu kabla ya kuosha, kikunjwe na kutiwa mkebeni kama vile vyengine. Na vipya vilivyobaki kabatini vihesabiwe, virejeshwe hospitali. Visigawiwe kama sadaka.

Tuongeze neno juu ya safari, kwa kuwa sisi ni watu wa bahari. Kibandiko cha kichefuchefu hubandikwa nyuma ya sikio saa 4 hivi kabla ya kupanda boti. Anayekishika asiguse jicho kabla ya kuosha mikono, kwani mboni humpanuka na macho yakamtia kiwi. Kwa wazee huweza kuleta kuchanganyikiwa na kuzuia mkojo, na mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba huweza kuuzuia mwili usijipoze kwa jasho, hatari ikiwa kubwa zaidi kwa watoto na wazee. Katika visiwa vyenye joto la Kaskazi onyo hilo si dogo. Mzee anayevuka Mkondo wa Pemba ni bora amuulize daktari kwanza.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wapo watakaosema, ikiwa hatari ni kubwa hivi, basi vibandiko vya maumivu vizuiwe kabisa visiingie Zanzibar, tusije tukaongeza mafuta katika moto wa dawa za kulevya uliokwisha kutuunguzia vijana. Hoja hii inatoka katika uchungu wa kweli, na tunaiheshimu. Lakini Zanzibar yenyewe imekwisha kuijibu. Mwaka 2015 ilifunguliwa huduma ya methadoni katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Methadoni ni jamaa wa mofini na fentanili, ni dawa kali, na inawatibu waathirika kwa sababu inatolewa chini ya macho ya wataalamu, kwa kipimo na kwa daftari. Somo lililopo hapo ni kwamba dawa kali hudhibitiwa kwa utaratibu. Kuizuia ni kumwachia mgonjwa wa saratani alie usiku kucha kwa kosa asilolitenda.

Wapo wengine watakaosema, kazi hii ni ya wauguzi, watu wa nyumbani wasiiguse. Laiti ingewezekana. Muuguzi atafika Tumbatu, Kojani, Uzi na Micheweni kila siku ya tatu, saa ile ile, kwa kila mgonjwa? Utunzaji wa wagonjwa wa muda mrefu katika visiwa hivi umo mikononi mwa binti, mkaza mwana, mjukuu na jirani. Mikono hiyo ndiyo tuliyonayo. Ama tuifunze, ama tuiache ijifunze kwa misiba.

WAJIBU WA SERIKALI

Nchi hii ilitangaza matibabu bila ya malipo baada ya Mapinduzi ya 1964, ikachukua dhamana ya nyumba za wazee, na kuanzia Aprili 2016 ikaanza kumlipa pensheni jamii kila mzee aliyetimiza miaka 70, bila ya kumuuliza alikuwa karani, mvuvi au mchuma karafuu. Serikali yenye rekodi hiyo haiombwi huruma. Inakumbushwa wajibu. Nasi tunapendekeza yafuatayo.

Moja, kibandiko chochote kisitoke katika dirisha la dawa, liwe la hospitali au la duka la mtu binafsi, bila ya maelezo ya Kiswahili yaliyochapishwa, na bila ya mtoa dawa kumwonyesha mtunzaji kwa vitendo. Mtunzaji naye arudie kuonyesha mbele yake kabla ya kuondoka. Dakika 10 za kazi hiyo ni rahisi kuliko kitanda kimoja cha wodi ya watoto.

Mbili, kila anayepewa kibandiko apewe kadi yenye mchoro wa mwili, mbele na nyuma, na safu za tarehe, saa, mahali na jina la aliyebandika. Kadi ya namna hiyo haihitaji fedha za kigeni. Inahitaji karatasi na uamuzi.

Tatu, kwa vibandiko vya fentanili na jamaa zake, uwekwe utaratibu wa kurejesha vilivyotumika kabla ya kupewa vipya, idadi kwa idadi. Utaratibu huo utalinda watoto, utaziba njia ya wizi, na utaijulisha hospitali kama mgonjwa anatumia dawa yake inavyotakiwa.

Nne, mafunzo yafike chini. Wahudumu wa afya wa kujitolea, ambao kwa mpango wa Jamii ni Afya wamezoeleka majumbani kwa ajili ya kina mama na watoto, wanaweza kuongezewa somo hili. Watunzaji wa nyumba za wazee, za Welezo, Limbani na kwengineko, wafunzwe na wakaguliwe. Masheha na waoshaji wa maiti wasisahauliwe.

Tano, dawa ya naloksoni, ambayo huiondoa nguvu ya fentanili na mofini kwa muda na kumrudishia mgonjwa pumzi, iwepo katika vituo vya mashamba na visiwa vidogo, pamoja na mtu anayejua kuitumia. Isiwe ni dawa ya mjini tu.

Sita, yatazamwe mabegi, lakini kwa hekima. Ndugu zetu walioko Ulaya na Ghuba wanaleta dawa kwa mapenzi ya wazee wao. Wakala wa Chakula na Dawa na Wizara ya Afya wafungue mlango ambao mwananchi ataweza kuleta kibandiko alichotumiwa, akaelezwa ni cha nini, kimebakisha muda gani, na kama kinamfaa mgonjwa wake, bila ya kuhojiwa kama mhalifu. Mwananchi akiogopa atakificha, na kilichofichwa hakina mwalimu.

Hayo ni ya Serikali. Ya wananchi tumekwisha kuyataja, na yanaweza kuanza leo bila ya kungoja waraka wowote. Aliye na mgonjwa mwenye kibandiko nyumbani na amtazame mwili mzima jioni hii, ahesabu vingapi viko juu yake, aandike tarehe, atafute mkebe wenye kifuniko, na aulize hospitali lolote lililomtatiza. Mgonjwa tuliyekabidhiwa ni amana, na amana hutunzwa kwa mapenzi pamoja na maarifa. Mapenzi, alhamdulillahi, visiwa hivi havikukosa. Maarifa yapo, na wenye dhamana ya kuyafikisha majumbani wanajijua.